Mfano wa Kitisuru

Nilikuwa hodari wa kuendesha semina, na hapa sijigambi. Miaka ya tisini ilipokuwa inaanza, ukitaka watu thelathini wa kazi tofauti wakae chumba kimoja siku tano bila kusinzia, ulinitafuta mimi. Nilikuwa nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini kwa miaka minane, kisha shirika dogo la akina mama lililokuwa na vyumba viwili Kilimani, juu ya duka la dawa, likanichukua niwafundishe wale ambao mwanamke aliyeumizwa huwafikia kwanza: polisi, wauguzi, machifu wasaidizi na akina mama wa makanisa. Somo langu lilikuwa moja tu. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa asipigwe danadana. Akimfikia mmoja wetu, awe ametufikia sote.

Nililiamini somo hilo kwa moyo wangu wote. Hospitalini nilikuwa nimewaona wanawake wakiambiwa na daktari waende polisi wakalete fomu, polisi wakawaambia waanzie kwa chifu, na chifu akawaambia warudi nyumbani wakaongee na bwana. Walizunguka hivyo na jicho limefura, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wakachoka. Baada ya miezi michache nilikuwa nawaona tena, safari hii mkono ukiwa umevunjika. Nilichukia. Na mimi nikichukia huchukia kwa sauti, ndiyo sababu nilipewa kazi ile.

Semina ninayoikumbuka ilifanyika katikati ya mji, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili karibu na River Road. Jengo lilikuwa la Mhindi muuza vitambaa. Chini ngazi zilinuka mkojo wa wapita njia, juu zilinuka udi ambao mwenye nyumba aliuchoma kila asubuhi, na katikati harufu hizo mbili zilikutana ukatamani usiwe na pua. Washiriki walikuwa ishirini na wanane, wote wa upande wa magharibi wa mji, Riruta na Kabiria na Kawangware na kwingineko. Sitawaeleza wote. Wanne wanatosha.

Kulikuwa na sajini wa polisi, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyeandika kila neno nililosema kwa mwandiko mzuri sana. Kulikuwa na chifu msaidizi wa upande wa Kabiria ambaye alipenda kusimama kabla ya kusema, hata akiomba sukari. Kulikuwa na sista, muuguzi wa kliniki, mweledi, mkavu, asiyependa kuguswa bega. Na kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, naye wa Kabiria, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa na mkoba juu ya magoti. Huyu hakuuliza swali hata moja siku nzima ya Jumatatu. Nikadhani haelewi.

Jumatatu hiyo niliwafundisha mambo ya kwanza. Mwathiriwa asioge. Asibadilishe nguo. Asinawe hata mikono, maana huenda kuna kitu kimebaki chini ya kucha. Apelekwe polisi apate fomu ya P3, ile karatasi ambayo daktari hujaza kueleza mwili umeumizwaje, na ambayo bila hiyo hakuna kesi ya kupeleka mahakamani. Daktari tuliyemtegemea kujaza fomu hizo alikuwa upande wa pili wa mji na aliwapokea watu mpaka saa tisa na nusu. Nilikuwa nimetoa nakala thelathini za P3 za kufanyia mazoezi, na kwa kuwa naujua mji wetu, nikazipiga zote muhuri mwekundu wa neno MFANO, mtu asije akaziuza. Nikamalizia kwa maneno niliyoyapenda kuliko yote. Nikapiga meza kwa kiganja nikasema, "Mwanamke huyu hana haja ya kuzunguka. Angalieni hapa ndani. Polisi yuko, muuguzi yuko, chifu yuko, kanisa liko. Hapa ndani tuko wote!"

Makofi yakapigwa. Yule mama wa kanisa ndiye aliyeandika maneno hayo kwenye daftari lake. Nilimwona.

Jumanne tulifanya maigizo. Chifu alijitolea kuwa mwathiriwa. Alijifunga leso kichwani, akalia kwa sauti nyembamba, akajifanya kulegea kwenye mikono ya sajini, na ukumbi mzima ukacheka mpaka watu wakajifuta machozi. Hata sista alicheka. Nilikaa kando nikiwatazama, nikaona upuuzi wa semina zote nilizowahi kufanya: watu wazima wanaochezea jambo ambalo wakienda nyumbani wanalifanya au wanalifunika. Nikawaambia kwa hasira kwamba siku watakapomwona wa kweli hawatacheka.

Jumatano asubuhi kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Tulikunywa chai ya saa nne, tukarudi, nami nilikuwa nimeanza kuchora mishale kwenye karatasi ya manila, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama wa kanisa, anahema kwa ngazi. Nyuma yake alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kazi la rangi ya samawati na sweta iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Mikono ameikunja ndani ya mikono ya sweta kama mtu anayesikia baridi.

"Madam, nimekuja na yeye," mama wa kanisa alisema. "Ni jirani yangu. Imemfanyikia jana huko kazini. Ulisema hapa ndani tuko wote, sasa nikaona badala ya kumzungusha, nimlete tu hapa."

Alikuwa amefanya kila kitu kama nilivyofundisha. Mwanamke huyo alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa Kitisuru, mtaa wa matajiri. Mama mwenye nyumba alikuwa safarini, na mchana wa Jumanne bwana mwenye nyumba akamfungia jikoni akambaka. Alipotoka alitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, akafika Kabiria jioni, na mlango wa kwanza aliobisha haukuwa wa kwake bali wa mama wa kanisa. Mama wa kanisa hakumwuliza mengi. Alimzuia kuoga. Alimkatalia hata kunawa uso. Kisha akaenda mwenyewe kumwambia mume wa mwanamke huyo kwamba kuna kesha kanisani, mke wake atalala huko na akina mama wenzake. Yule asiyeuliza swali siku nzima ndiye peke yake aliyekuwa amesikia.

Sasa niseme nilichohisi, maana nimekificha miaka mingi. Nilifurahi. Nilimtazama mwanamke yule amesimama mlangoni, midomo imemkauka, nami kifuani nikasikia furaha ya fundi aliyeletewa chombo alichokuwa anakitafuta. Hapa hakuna leso ya chifu. Huyu ni wa kweli. Watajifunza leo.

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Ningemshika sajini mkono mmoja, sista mkono wa pili, tukateremka ngazi na yule dada, na watu ishirini na sita waliobaki wakacheza bao kama wangetaka. Haikunijia. Naapa haikunijia. Nilivuta kiti nikakiweka mbele ya ukumbi, kando ya karatasi ya manila, nikamwambia, "Karibu, dada. Hawa wote ni watu wa kukusaidia. Unaweza kutueleza kidogo?"

Alimtazama mama wa kanisa. Mama wa kanisa akaitikia kwa kichwa kumpa moyo, kwa sababu aliniamini.

Akaeleza. Hakukaa kwenye kiti, alisimama, labda alifikiri ndivyo inavyotakiwa mbele ya serikali. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma wakasema hawasikii, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyecheka. Hilo nililitabiri vizuri. Badala yake waliegemea mbele, wote, na nilipozitazama zile nyuso niliona kitu nilichokiita umakini. Leo nakijua kwa jina lake. Ni ile njaa ya mtu anayetazama ajali barabarani.

Kisha wakataka kuuliza maswali, nami nikaruhusu.

"Ulikuwa umevaa namna gani?" mmoja aliuliza.

"Na kwa nini haukupiga nduru?" akauliza mwingine. "Kitisuru si kuna askari kwa kila geti?"

Hapo nikaingilia, mwalimu hodari. Nikawaambia kwamba hivyo sivyo tunavyomwuliza mwathiriwa. Nikageukia ukumbi nikasema, "Swali hilo tungeliuliza vipi vizuri zaidi?" Mikono ikainuka. Wakatafuta maneno laini, nikawasahihisha, wakayarudia, na tulipolipata swali jipya nikamwomba yule dada alijibu tena. Kila swali kwa hiyo aliulizwa mara mbili, mara moja kwa ubaya na mara moja kwa ustaarabu, na kila mara alijibu. Nikikumbuka sauti yangu mwenyewe ikisema "vizuri sana, sasa endelea," nasikia kinyaa kinachonifanya niinuke kitini nitembee.

Alipomaliza, chifu alisimama. Macho yalikuwa yamemlengalenga, namtendea haki. Akasema, "Mama huyu ni jasiri. Watu wangu, tumpatie kilo!" Na wakampigia makofi ya kilo, kama tunavyowapigia watoto shuleni wakijibu hesabu au mgeni rasmi akimaliza hotuba: matatu, matatu, matatu, na moja kubwa la mwisho la pamoja. Kofi lile la mwisho lilipolia alishtuka akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mimi pia nilikuwa nimepiga.

"Sasa tunaenda?" akaniuliza.

Sajini ndiye aliyejibu, kwa upole wa kweli. "Unajua, mama, hii inataka iandikwe kwa OB, kile kitabu cha ripoti, na iandikwe kwa stesheni ya pale ilifanyika. Hiyo ya Kitisuru si yetu. Halafu mimi leo siko kwa duty, niko kwa semina."

"Na mimi nikimgusa bila fomu, wakili atanirarua kotini," sista akasema. "Fomu kwanza."

Chifu akafikiri. "Anakaa kwangu Kabiria, hiyo ni kweli. Lakini haikufanyika kwangu. Huko Kitisuru mimi nikiingia nitaulizwa natafuta nini."

Mnadhani nilikasirika. Hata kidogo! Niliruka kwenye karatasi ya manila nikaandika juu VIZUIZI kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika maneno yao moja moja, kwa sababu hivyo ndivyo vizuizi hasa nilivyokuwa nimekuja kuvifundisha, na hapa vilikuwa vimejitokeza vyenyewe, kwa mpangilio, bila mimi kuvitafuta. Nikatangaza kwamba baada ya chakula tutagawanyika katika makundi manne tuvitatue. Nikamwambia yule dada akae tu, tuko pamoja naye.

Chakula kililetwa na mama mmoja wa Pwani aliyekuwa na hoteli kwenye kichochoro cha nyuma. Alipika pilau safi, na alikuja nayo mwenyewe, yeye na beseni lake na birika la maji ya vuguvugu, akapita kwa kila mtu kumnawisha. Alipomfikia yule dada, dada akavuta mikono akaificha kwapani.

"Nawa, mwanangu," mama wa Pwani akasema.

Dada akatikisa kichwa. Kisha sajini akainua kidole akasema kwa furaha, "Mnaona? Hanawi! Hiyo ni ushahidi anachunga." Na kalamu zikaanza kuandika. Watu walikuwa wanaandika kwenye madaftari yao kwamba hanawi, na mikono yao ikidondosha maji.

Mama wa Pwani alisimama na beseni lake, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi. "Kwani huyu yuwangoja nini hapa? Mtoto wa watu mwamtazama kama sinema! Hebu mtoeni."

Nikamwambia aache chakula aende, ni mambo ya semina hayaelewi. Nilimwambia hivyo mtu mzima, mwenye mvi, aliyeona kwa dakika mbili kile ambacho mimi nilishindwa kukiona siku nzima. Alikwenda. Nasi tukala. Ilikuwa pilau ya nyama na kachumbari, na watu waliongeza. Dada yule alikaa ukutani bila kula, maana angekula na mikono gani? Nilimwekea soda na mrija.

Mchana makundi yakafanya kazi kuliko nilivyowahi kuona. Wakapiga magoti sakafuni kwenye karatasi za manila na kalamu nene za rangi. Wakachora mishale kutoka polisi hadi hospitali, kutoka hospitali hadi mahakamani. Wakabishana. Sajini akaja na wazo kwamba stesheni yoyote iweze kupokea ripoti kutoka popote, na wazo hilo lilikuwa jema kabisa. Wakagawa zile P3 za mazoezi na kila kundi likajaza, jina lake, umri wake, mahali pa kazi, jeraha hili, jeraha lile, wakimwita mara kwa mara kutoka ukutani aje awakumbushe lilikuwa bega la kushoto au la kulia. Karatasi zote zile zilijazwa kikamilifu, kwa mwandiko safi, na kila moja ina neno MFANO limepita katikati kwa wino mwekundu.

Wakati kundi la tatu linawasilisha, nilihisi mtu amesimama kando yangu. Alikuwa yeye. Alinisemesha kwa kunong'ona, asiwasumbue wenzangu.

"Samahani, madam. Mimi niko kundi gani?"

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa ameona kila mtu mle ndani amepewa kundi na kazi, na yeye peke yake hajaambiwa pa kwenda, akafikiri labda amekosea hapo. Alikuwa anaomba msamaha. Ndipo nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Sikumbuki niliwaambiaje. Nakumbuka tukiteremka ngazi, mimi na yeye na mama wa kanisa, na nyuma yetu kundi la nne likiulizana kama sasa wawasilishe au wangoje. Nilisimamisha teksi twende moja kwa moja kwa daktari, fomu ya polisi ingefuata. Barabara ilikuwa imejaa kama kawaida ya saa hizo, tukashuka njiani tukakimbia, na yule dada akikimbia kwa taabu mkono kiunoni. Kwa daktari mlango ulikuwa umefungwa. Askari wa getini akatuambia daktari ametoka sasa hivi tu, turudi kesho asubuhi mapema. Hakuwa na kosa. Ilikuwa karibu saa kumi.

Pale getini dada akanigeukia.

"Kwa hivyo kesho bado siogi?"

"Usioge," nikasema. "Jikaze usiku mmoja tu."

"Na mzee nimwambie nini? Kesha ilikuwa ya jana."

Mama wa kanisa akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na majibu ya kila kitu wiki ile. Nikamwambia amwambie mumewe ukweli, kwamba mume mwema atamwunga mkono. Nilisema hivyo, mwanamke mzima, nikiwa na miaka minane ya hospitali nyuma yangu.

Tulikubaliana tukutane kesho yake kwa daktari saa mbili. Nilisimama getini mpaka saa nne, hakuja. Nikarudi ukumbini, maana washiriki walikuwa wananisubiri, na sajini akaniuliza, "Mgonjwa wetu anaendelea aje?" Nikasema anaendelea vizuri. Nikafundisha mpaka saa nane. Ndiyo, nilifundisha. Baadaye nikaenda Kabiria.

Mama wa kanisa alinionyesha mlango kwa kidole kutoka mbali, hakunisindikiza. Yule dada alikuwa nje ya nyumba, ameinama juu ya beseni. Gauni la samawati lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, linadondosha maji, na sweta kando yake. Nywele zake zilikuwa zimelowa.

"Nimeoga," akaniambia kabla sijamsalimia.

Niliitazama kamba ya nguo.

"Mzee aliniuliza mbona nanuka," akasema. "Aliniuliza mbele ya watoto. Nilitaka kumwambia, haki ya Mungu nilitaka. Lakini kile kitu nilikuwa nimekisema kwa watu wote wale, mara mbili mbili, nikasimama hapo kwa mlango wa jikoni nikaona siwezi kukisema tena. Kiliisha. Nikachukua maji nikaoga."

Nikaanza kumwambia kwamba bado kuna njia, kwamba twende hivi sasa, kwamba sajini amekubali kusaidia. Aliendelea kufua. Alikuwa anasugua kola ya shati la mtoto wa shule.

"Madam, polisi alikuwa hapo ndani," akasema. "Nurse alikuwa hapo. Chifu wetu alikuwa hapo. Wewe mwalimu wao ulikuwa hapo. Kama nyinyi wote mlikuwa hapo na haikuwezekana, sasa mimi naenda kwa nani?"

Akaniomba nisirudi, majirani wataanza kuuliza mimi ni nani. Sikurudi. Bila P3 hakukuwa na kesi, na yule mwenye nyumba wa Kitisuru hakuwahi kuulizwa swali hata moja, la ubaya wala la ustaarabu. Ijumaa tulitoa vyeti. Jina la mama wa kanisa lilisomwa mara tatu, hakuwepo. Washiriki wengine wote waliandika kwenye karatasi za maoni kwamba Jumatano ndiyo siku iliyowafundisha zaidi.

Ningekuwa mtu wa maana ningeiacha kazi wiki hiyo. Sikuiacha. Nilirudi Kilimani na karatasi zangu za manila zimeviringishwa, wakubwa wangu wakazitandaza mezani wakashangilia, maana ile mishale ilikuwa kweli mizuri, na mawazo yalikuwa ya kweli pia. Tulifuta jina la dada. Tukaita kazi ile "Mfano wa Kitisuru", tukaichapisha kwa mashine, na kwa miaka yote iliyobaki ya muongo ule niliifundisha karibu kila mwezi, kwa polisi, kwa wauguzi, kwa wanafunzi wa chuo. Nilikuwa nasimulia jinsi mama mmoja wa kanisa alivyomleta jirani yake mahali ambapo watu wote walikuwepo. Nilisimulia jinsi sajini alivyotoa wazo lake. Nilifika kwenye mishale, nikaishia hapo, na watu wakapiga makofi. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu mahali pake, na kunyamaza huko kulinipa sifa, na mwaliko, na mshahara wa kulipia watoto wangu shule.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa naifundisha kwa polisi wapya, ukumbi mmoja wa Kilimani wenye viti vya kuzunguka. Nilimaliza, nikauliza kama kuna swali, kwa namna ile ya mtu anayekusanya vitu vyake. Msichana mmoja wa polisi, safu ya pili, akainua mkono. Alikuwa amechukua maelezo ukurasa mzima. Miaka yote ile, kati ya mamia ya watu, hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Madam, huyu mama wa Kitisuru," akasema. "Alifika kwa daktari saa ngapi?"

Nilimtazama. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua ili afanye hivyo hivyo.

"Kabla ya chakula cha mchana," nikamjibu.

Akainama, akaandika.